Kutoka Likoni hadi Shimoni: mkono wa fundi na kalamu ya karani

MSAFIRI atokaye Mombasa kwenda kusini siku hizi ana hiari mbili. Aweza kuzunguka kwa Dongo Kundu, akapita madaraja mapya yaliyopandishwa juu ya mikoko, akatokea upande wa Kwale bila ya kusogelea feri. Au aweza kushuka Likoni, akasimama katika umati wa watu, mikokoteni na baiskeli, akangoja kivuko kama walivyongoja wazee wake. Mimi nilishuka Likoni. Mtu wa pwani hapiti maji yale bila ya kuwakumbuka waliozama jirani na hapo, penye kivuko cha Mtongwe, asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, roho 272. Nikawasomea Fatiha, feri ikagusa ng'ambo, na safari ikaanza.

Nia yangu ilikuwa kufika Shimoni. Huko Serikali ilianza mwaka 2022 kujenga bandari ya uvuvi kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 2.6, ili vyombo vivuavyo bahari kuu vipate pa kushusha samaki wao. Habari za bandari hiyo tumezisoma sana upande wa fedha na saruji. Upande wa watu tumezisoma kidogo. Kwa hiyo nilitaka kuijua njia iendayo huko kwa watu wake: wasukao, wachongao, waundao na wavuao. Nami nilikuwa na swali moja, ambalo nimelibeba tangu Likoni mpaka Wasini na kurudi nalo. Mtu anayejulikana na kijiji kizima kwa kazi ya mkono wake, je, kalamu ya karani nayo yamjua?

MAKUTI YA DIANI

Kutoka Likoni barabara huifuata pwani bila ya kuiona. Baina ya lami na bahari ipo minazi, mikorosho na miembe. Utapita Waa, utapita Tiwi, kisha utaingia Ukunda yenye zogo la maduka na bodaboda, na hapo kushoto ndiko kwenye Diani ya mahoteli.

Mgeni akija Diani huambiwa kuwa historia ya mahali pale ilianza na hoteli ya kwanza. Sivyo. Penye mdomo wa mto Mwachema, chini ya mibuyu, upo msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na watu wangali wanasali ndani yake. Kusini yake ipo Kaya Kinondo, msitu wa jadi wa Wadigo. Mgeni haingii humo mpaka afungwe kaniki, wala hatoki na hata jani moja mkononi. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, katika urithi wa dunia. Msomaji na alishike neno hilo, ziliandikwa. Wazee walikuwa wameulinda msitu ule vizazi na vizazi bila ya karatasi yoyote, lakini karatasi ilipokuja ikiwa imeandikwa kweli, iliwaongezea nguvu.

Sasa tazama paa za mahoteli yenyewe. Ni makuti. Kuti husukwa na mama aliyekaa uani na mguu mmoja ameukunjua, na mkono wake wenda huku mdomo wasema na jirani. Ustadi wake hujulikana mvua ya masika ikishuka na paa lisivuje. Mgeni akipiga picha, picha ile huandikwa jina la hoteli. Aliyesuka hana jina popote. Hili ni jambo dogo, nami sikulitaja ili kumlaumu mwenye hoteli. Nimelitaja kwa sababu ndiyo sura ya mambo makubwa yaliyo mbele ya njia.

GAZI: UGONJWA NA DAWA

Gazi ndiko alikokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hata akalazimika kuvuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Vita vile, pamoja na sababu zake nyingine, vilikuwa vita vya nani mwenye haki ya kutia sahihi juu ya pwani hii. Mwenye bunduki nyingi alishinda, na aliyeshinda akaja na daftari.

Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi. Kila mtu wa ukanda wa pwani alitakiwa apeleke dai lake likaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Kiingereza. Watu waliolima hapo na kuzika hapo walikuwa na mashahidi: mnazi aliopanda babu, kisima alichochimba, kaburi lake. Hawakuwa na karatasi, na karani hakuuliza mnazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipoanza ugonjwa tunaouugua mpaka leo, wa mtu na kazi yake kuwa upande mmoja na hati kuwa upande wa pili.

Lakini Gazi hiyo hiyo imetuonyesha dawa. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na wenzao wa Makongeni, wakishirikiana na wataalamu wa bahari, wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Hekta 117 za mikoko zimewekwa chini ya ulinzi wao kwa mkataba. Hewa ya ukaa inayofungwa na miti ile na matope yake hupimwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa nje, na fedha hurudi kijijini zikawa maji ya bomba na vifaa vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Akina mama nao wana njia yao ya mbao ipitayo katikati ya mikoko, na mgeni hulipa ada akatembezwa.

Ni kitu gani kilichofanya jambo hili lifaulu? Ujuzi wa kuutambua mkoko, mkandaa, muia na mchu ulikuwapo Gazi kabla ya mtaalamu yeyote kuzaliwa. Wakata boriti waliujua. Kilichoongezwa ni mkataba ulioandika kwamba msitu huu walindwa na watu hawa, na faida yake ni yao. Ujuzi ulipata hati, na hati ikapata mwenyewe.

WALIOTEMBEA KWA MIGUU

Baada ya Msambweni njia yaelekea Ramisi. Nilipokuwa mtoto wa chuoni, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kingali kikivuma, na harufu ya miwa ikiingia ndani ya basi tuendapo kuwazuru jamaa. Mwaka 1988 kikafungwa. Miwa imerudi baadaye chini ya kampuni nyingine, lakini wazee waliokitegemea kiwanda cha kwanza wanajua maana ya kuamka asubuhi na king'ora kisilie.

Mashamba ya miwa na ya mkonge ndiyo yaliyowaleta Wamakonde kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930. Walikuja na mikono miwili na ufundi wa kuchonga. Mpingo, ambao ni mti mgumu wa kuvunja shoka, mikononi mwao hugeuka ukoo mzima uliopandana mabegani, babu juu ya baba na mama juu ya mwana. Vinyago vyao vimepamba nyumba za watu wasioweza hata kuitaja Kwale. Lakini wachongaji wenyewe, na watoto wao waliozaliwa hapa, na wajukuu, walikaa Kenya miaka themanini bila ya kitambulisho. Asiye na kipande hasajili simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura, na akikutana na askari njiani hana la kuonyesha.

Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale, wakaelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Rais aliwapokea, akaamuru waandikwe, na kabla ya mwaka kwisha vitambulisho vikaanza kutolewa. Mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tuwapongeze, lakini tusisahau kipimo chenyewe. Miaka themanini ya kazi haikuwatambulisha. Ilibidi waionyeshe Serikali nyayo zao.

Na kabla hatujaiacha sehemu hii, kuna funzo jingine. Bara ya barabara, upande wa Maumba na Nguluku, watu walihamishwa ili Base Titanium ichimbe mchanga wenye madini. Kampuni ilianza kusafirisha mwaka 2014, na mwishoni mwa 2024 ikamaliza kuchimba. Wengi walipata kazi nzuri kwa muda huo, sikatai. Ila Ramisi na Maumba zatuambia neno moja, kwamba kazi kubwa ije kwa kishindo gani, ina siku yake ya kuondoka. Anayebaki ni mwenyeji, na atabaki na kile tu kilichoandikwa kuwa chake.

SHIMONI

Ukishapita Ramisi, njia ya Shimoni huachana na barabara kuu iendayo Lungalunga, ikashuka kushoto kiasi cha kilomita kumi na tano mpaka baharini. Miaka mingi ilikuwa njia ya vumbi kiangazi na matope masika. Sasa ina lami.

Jina la mji latokana na mapango yake. Wazee husimulia kwamba humo walifungwa watumwa wakingoja majahazi. Jirani yake yapo magofu ya nyumba za Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya Malkia mwaka 1888. Nilisimama mlangoni mwa pango nikafikiri kwamba wale walioletwa pale nao walikuwa wahunzi, wasusi na wakulima, kila mmoja na mkono wake. Lakini daftari la mwenye biashara lilihesabu vichwa; halikuandika jina wala kazi. Na tukiri kweli sisi watu wa pwani, kwamba baadhi ya daftari hizo zilishikwa na watu waliosali kama tunavyosali sisi. Leo pango lasimamiwa na wanakijiji wenyewe, na ada ya mgeni huwafaa wao. Hilo ni jema.

Ufukweni, kivulini, nilimkuta mzee akiunda mashua. Mkuti ulikwisha kulazwa, mitaruma imesimama kama mbavu za nyangumi, na tezo yake ikila mbao kidogo kidogo bila ya pupa. Pembeni palikuwa na keekee, pamba ya kukalafati, na chupa ya sifa iliyojulisha harufu yake kabla ya kuonekana. Nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha gogo la kukalia. Nikamwuliza kuhusu bandari.

"Bandari ni kheri, mwanangu," akasema. "Lakini nikienda kwa wakandarasi kutafuta kazi ya mbao naulizwa cheti." Akaelekeza tezo baharini, kwenye vyombo vitatu vilivyotia nanga. "Vyeti vyangu vile pale, vinaelea."

Mwanawe yuko Ukunda, anaendesha bodaboda. Mjukuu hajui tofauti ya mkuti na fashini. Mzee hakusema haya kwa kulalamika. Aliyasema kama mtu atajaye upande wa upepo.

Shimoni haikungoja bandari ndipo ifanye kazi. Karibu yake, Kibuyuni, akina mama hupanda mwani katika maji ya kupwa, wakauanika, wakauuza, na sehemu yake wakaifanya sabuni. Vijana huchukua wageni kwenda Kisite, penye matumbawe na pomboo. Kisite yenyewe ilifanywa hifadhi ya bahari katika miaka ya 1970, na mvuvi haruhusiwi kuvua ndani yake. Wenye vyombo wakageuka wachukuzi wa watalii. Samaki wamepona, na Serikali yapata ada. Ila mvuvi mkongwe atakwambia kuwa mipaka ya hifadhi ilichorwa kwanza, na yeye akapewa habari baadaye. Basi hofu aliyo nayo leo juu ya bandari haitokani na ujinga. Imetokana na kumbukumbu.

NG'AMBO YA WASINI

Kutoka gati ya Shimoni mpaka Wasini ni mkondo mwembamba. Kisiwa hakina gari hata moja. Kwa vizazi vingi kimeishi kwa maji ya mvua yaliyowekwa katika birika. Hapa ni kwa Wavumba, watu waliotoka Vumba Kuu, mji wa kale ambao magofu yake yako karibu na mpaka wa Tanzania. Diwani wao hakutambuliwa kwa karatasi. Alitambuliwa kwa siwa iliyopulizwa, kwa ngoma iliyopigwa, na kwa karamu iliyoliwa na watu wote wakawa mashahidi. Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa, utasikia Kichifundi. Wasini mjini utasikia Kivumba. Mwenye sikio hujua mtu ametoka mtaa gani kabla hajamaliza salamu.

Mashariki ya hapo, ng'ambo ya mkondo mkuu, ni Pemba. Tangu jadi mvuvi wa Pemba amekuja dago huku kwa kufuata samaki na pepo, akaoa, akazaa, akazikwa. Mwaka 1976 Kenya na Tanzania zilikubaliana juu ya mpaka wa baharini, na mstari ukapita katikati ya jamaa. Januari 2001, baada ya damu kumwagika Pemba katika maandamano ya kisiasa, watu wapatao elfu mbili walivuka mkondo huo wakakimbilia hapa Shimoni, na wengi wakapelekwa kambini mbali na bahari. Lakini hata Wapemba waliokuwapo Kwale na Kilifi miaka mingi kabla ya hapo walihesabiwa wageni. Mtu alikuwa akijua kila mwamba na kila mkondo wa maji, na hakuweza kukata leseni ya kuvua kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2023 Rais William Ruto aliwatambua Wapemba kuwa jamii mojawapo ya Kenya, na vitambulisho vikatolewa.

Hapa ndipo habari ya kipande inapokutana na habari ya bandari. Kwa miaka mingi samaki wa bahari kuu ya Kenya wamevuliwa zaidi na meli za kigeni, na sababu moja ni kwamba mvuvi wetu ana chombo kidogo kisichoweza kwenda mbali. Wapemba wajulikana pwani nzima kwa kuvua maji makuu. Ikiwa kuna watu wa kufundishwa kuendesha vyombo vipya vitakavyotumia bandari ya Shimoni, ni wao, na Wavumba, na Wachifundi, na Wadigo wa ufuoni. Bahari wanaijua, kinachotakiwa ni chombo, mafunzo na karatasi.

MAMBO MATATU YA KUANDIKWA

Kuna watakaosema kuwa bandari ya meli haihusiani na dau, na kwamba asiye na elimu asubiri. Nami nasema, kama dau halihusiani na bandari, basi bandari ingejengwa mahali pasipo na madau. Imejengwa hapa kwa sababu hapa maji ni mema na watu wameijua bahari. Naona mambo matatu yafaa kuandikwa mapema.

Kwanza waandikwe watu. Vikundi vya wavuvi vya kila ufuo, viitwavyo BMU, vina daftari. Daftari hizo zisafishwe, aingizwe kila mvuvi aliyepata kipande mwaka 2023 na kila mama wa mwani na mchuuzi wa samaki, na zitumike katika kugawa kazi na mafunzo.

Pili paandikwe mahali. Kila pahala pa kupandisha vyombo, kuanika dagaa, kuchota maji na kuzika, kutoka Shimoni mpaka Vanga, patiwe katika ramani na hati ya jamii kabla ya bei ya ardhi kupanda. Ikishapanda tutarudi mwaka 1908, na mara hii hatutakuwa na udhuru wa kusema hatukupata habari.

Tatu uandikwe ufundi. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, huwatahini mafundi wa jua kali na kuwapa vyeti vya daraja. Mtahini na aje Shimoni amtahini yule mzee juu ya mashua yake. Na ndani ya eneo la bandari pawekwe pahala pa kuunda na kutengeneza vyombo, mzee afundishe, vijana walipwe wakijifunza. Mjukuu akiona kwamba tezo nayo ina cheti, huenda akaiweka bodaboda kando.

Baadhi yetu tumezoea kuiogopa karatasi, tukadhani ni kitu cha Mzungu na cha karani wa mjini. Tuliosoma chuoni tunajua sivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandika deni. Yaamrisha mkataba uandikwe, mwandishi awe mwadilifu, aliye dhaifu asimamiwe na walii wake kwa haki, na mashahidi wasikatae wakiitwa. Dini haikuiachia kalamu mikononi mwa mwenye nguvu peke yake. Basi waandikao bandari ya Shimoni wana deni kwa watu wa pwani hii. Na mashahidi tumewapita njia nzima: paa la makuti, mti wa mkoko, kinyago cha mpingo na mashua ya yule mzee. Wamekwisha kuitwa.

Nilirudi Shimoni na mashua ya magharibi. Mzee alikuwa amekwisha funika tezo na kwenda kusali. Nami nafunga kwa ubeti:

Lami 'mefika Shimoni, bandari nayo yajengwa,
Kheri hiyo twatamani, wala si jambo kupingwa,
Lakini wa ufukweni, wasiwe ni wa kutengwa,
Mwenye pwani awe ndani, mlango usije fungwa.